Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa: Ya 1997 Yaandikwe Wazee Wangalipo

Mheshimiwa Gavana,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Ama baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Likoni. Uchaguzi ni Agosti 2027, na najua msimu kama huu vikao vya usalama huzungumzia askari, magari na doria. Ninakuandikia kuomba na vitabu vizungumziwe.

Usiku wa Agosti 13, 1997, nilikuwa darasa la saba. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, kisha vibanda na nyumba za watu wa bara zikatiwa moto. Vilikuwa vimetangulia vikaratasi vya kuwaambia wabara wafunge virago warudi kwao. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa fundi seremala, Mjaluo, na binti yake tulikaa dawati moja. Usiku ule mama yangu aliwalaza watoto wa fundi chini ya kitanda chetu na kuketi mlangoni hadi kukapambazuka. Asubuhi wakavuka na feri, godoro kichwani, na hatukuwaona tena. Wiki moja kabla, yule binti alikuwa ameniazima kitabu cha hadithi. Ninacho hadi leo. Jina lake limo ukurasa wa kwanza, kwa penseli.

Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, yakiwemo yetu ya Likoni. Ripoti ikakamilika 1999, ikafungiwa, na wananchi hawakuiona hadi 2002. Imeandikwa kwa Kiingereza. Nilipokuja kuisoma nikiwa mtu mzima, nilikuta mtaa wangu umo ndani, lakini kwa lugha ambayo mama yangu, aliyekesha mlangoni, hawezi kuisoma. Mashahidi walieleza yaliyotakiwa na majaji. Aliyemficha nani, aliyemrudishia nani kuku wake, aliyerudi akakuta paa limeezekwa na majirani, hayo hakuna aliyeyauliza.

Mheshimiwa, pengo hilo ndilo ninalokutana nalo darasani. Wanafunzi wangu walizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya tukio, na kila uchaguzi ukikaribia huja na habari za 1997 walizotumiwa kwenye simu. Mmoja ameambiwa kila Mdigo, mwenyeji wa pwani hii, alishika panga. Mwenzake ameambiwa wabara walijichomea nyumba wenyewe. Nikiwakanya wananitazama, na wana haki, kwa maana wao wana ujumbe ulioandikwa na mimi sina hata kurasa kumi za Kiswahili za kuwawekea mezani. Ninaweza kuwasimulia ya mama yangu. Lakini hiyo ni nyumba moja, na mtoto aliyekwisha kutiwa chuki atasema mwalimu anawatetea watu wake.

Mji wetu umewahi kuponea chupuchupu katika jambo hili. Mshairi Muyaka bin Haji alitunga Mvita, yaani Mombasa ya kale, ilipokuwa inavutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na beti zake zilikaa vinywani mwa watu. Alifariki karibu na 1840. Miaka arubaini na zaidi ikapita ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmisionari William Taylor, akawafuata wazee mmoja mmoja akiziandika walivyozikumbuka. Kwa jasho lile tunajua Mvita ilijisemea nini kabla watawala wake, Wamazrui, hawajaangushwa 1837. Vinginevyo tungewategemea washindi na manahodha wa Kiingereza. Huwa najiuliza ni beti ngapi wazee wale walikuwa wamekwisha kuzisahau Sikujua alipobisha hodi. Na sisi tunakaribia kutimiza miaka thelathini tangu 1997.

Ni mji huu huu uliomzaa mshairi Abdilatif Abdalla. Alikuwa na umri wa miaka 22 alipoandika waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, mwaka 1968. Akahukumiwa miezi kumi na minane, serikali ikakata rufaa, ikawa miaka mitatu. Akiwa gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na 1973 yakachapishwa kitabu, *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Ninawasomesha vijana habari hii kila mwaka. Siku hiyo darasa hunyamaza, hata wale wa viti vya nyuma.

Kazi ninayoiomba ni yako kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti maktaba, kwa hiyo hatuna sababu ya kungoja Nairobi. Katika bajeti ijayo, tenga fedha za kuwahoji walioyaona ya 1997: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Timbwani na Likoni yenyewe. Wafuatwe na waliohama, popote walipo sasa. Wadigo, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya, wote waseme kwa maneno yao, na anayeogopa jina lake lifichwe. Wasirekebishwe ili wapatane, kwa sababu hawatapatana. Kisha kichapishwe kitabu cha Kiswahili, kiwekwe katika kila maktaba na kila shule ya kaunti kabla ya Agosti 2027. Na chumba cha kusomea kiwe wazi usiku, maana kijana anayeuza maji kwenye foleni ya feri hapati nafasi mchana.

Washauri wako watakwambia hii ni kutonesha kidonda. Nimelifikiria hilo sana, na sitakataa kwamba wapo watakaolia wakihojiwa. Mama alilia nilipomuuliza. Kisha akaniambia nikae, akaeleza saa mbili nzima mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, pamoja na jina la kijana wa Kidigo aliyesimama naye mlangoni usiku ule akiwadanganya wavamizi kwamba ndani mna mgonjwa wa kifua kikuu. Kijana huyo siku hizi ni babu. Anauza samaki, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza lolote.

Walimu wenzangu wanne wamekubali kujitolea kuhoji na kunakili. Simu zetu zinatosha kurekodi. Tunachokosa ni nauli, fedha za kuchapa na barua yako ya kututambulisha ili watu wafungue milango bila hofu. Tulikuwa tumepata wazee saba wa mtaa wetu walio tayari kuzungumza. Wamebaki sita. Wa saba tulimzika mwezi uliopita, siku tatu kabla ya ahadi yetu naye.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili, Likoni