Gharama ya risasi za bunduki za zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodhani kuwa bunduki kuukuu ya kijeshi ni burudani ya bei nafuu. Hapa Marekani, Mosin-Nagant, bunduki ya kijeshi ya Kirusi, kutoka maghala ya Kisovieti iliwahi kuuzwa kwa bei ya kutupa, na risasi zake zikaja kwenye makopo ya bati. Lakini akiba hiyo imepungua, na tangu Septemba 2021 serikali imezuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi. Wenye Lee-Enfield, bunduki ya kijeshi ya Uingereza waliyoibeba pia askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, nao hawana nafuu ya risasi.

Mimi naona njia ya maana ni kuokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa na kuyajaza upya fataki (kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda), baruti na kichwa, mradi ganda liwe na tundu moja la kupitishia moto katikati ya kitako, kwani lenye matundu mawili madogo husumbua mno kuling'oa fataki. Anayetumia risasi za zamani ajue kwamba fataki zake nyingi huacha chumvi inayokula mtutu, hivyo auoshe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kisha aukaushe na kuupaka mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi.

Msomaji wako,
Texas, Marekani