Kidole kwanza, maji baadaye

Mwanangu mpendwa,

Picha ya mmea wako nimeiona. Majani ya chini yamegeuka njano, shina limelegea, nawe unasema huwa unaumwagilia kila asubuhi kabla hujatoka. Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Kila asubuhi ni mno.

Mmea wangu wa kwanza niliuua hivyohivyo. Nikiuona umenywea, nadhani una kiu, namimina. Kesho yake umezidi kunywea, namimina tena. Sikujua kwamba mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo una vijitundu vyenye hewa. Vikijaa maji siku zote, mizizi hukosa pumzi ikaoza. Ikishaoza haiwezi tena kuyapandisha maji, ndiyo maana majani hunyauka kama yenye kiu ilhali chungu kimelowa chepechepe. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, na inanuka. Niliona haya kama niliyemnyima mtu chakula, kumbe nilimlisha kupita kiasi.

Kwa hiyo, kabla ya kushika jagi, chomeka kidole kwenye udongo, kama sentimita 5 hivi. Pakiwa na unyevu, nenda zako. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, kisha umwage yaliyotuama kwenye kisahani. Lakini chungu chako kina tundu? Kwenye picha sikuliona. Kama hakina, uhamishe huo mmea, hata iwe kwenye kopo ulilolitoboa mwenyewe.

Tena usogeze karibu na dirisha, ila jua kali la mchana lisiupige. Mmea uliokaa gizani hunywa maji kidogo, na udongo wake huchelewa kukauka.

Unaniuliza uongeze mmea gani. Watu watakusifia Zamioculcas, ule wenye majani mazito yanayong'aa, kwa sababu huweka akiba ya maji kwenye viazi vyake chini ya udongo na huweza kukaa wiki 2 au 3 bila kumwagiliwa. Ni kweli, lakini huo ni wa wasahaulifu. Wewe na huruma zako utauzamisha.

Subiri kwanza huu upone. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayarudi kijani, yakate. Leo usitie hata tone. Jumamosi chomeka kidole, uniambie umekuta nini, na lile tundu unipigie picha.

Mama yako