Kuhusu ile milingoti ya baba yako

Mafinga, Juni

Kamwene, mnyalukolo!

Barua yako imefika, na salamu zako nimezigawa nyumba kwa nyumba. Huku tuko kwenye baridi ile unayoijua: ukungu haunyanyuki mpaka saa nne, makoti hatuvui hata mezani. Mama Tumaini anasema msipokuja mwaka huu atawafuata huko Dar na gunia lake la viazi.

Uliniuliza kama umuuzie dalali ile milingoti (mikaratusi) aliyoiacha baba yako. Nikupe jibu kwanza: mwambie huyo dalali asubiri. Anataka kununua shamba zima likiwa limesimama, kwa bei moja, nguzo na kuni amezichanganya humo humo. Faida yake yote iko kwenye huo mchanganyiko. Akishakata, atachambua mwenyewe: iliyonyooka ataipeleka kwenye nguzo, minene iliyopinda atapasua mbao, myembamba atauza mirunda, na vinavyobaki viwanda vya chai vinachukua kwa ajili ya majiko ya kukaushia majani. Kazi hiyo ya kuchambua tutaifanya sisi, kwa kupaka kila mti alama ya rangi, kabla chenso haijawashwa.

Shambani nimepita Jumapili kama ulivyoniomba. Sehemu kubwa ni aina ya mlingoti inayoitwa grandis: magome makavu yanayobanduka chini, halafu kuanzia mita chache juu shina linakuwa jeupe, laini, limenyooka. Kule karibu na njia mzee alipanda aina nyingine, globulus, ile ya majani ya kibuluu. Ukitaka kuhakikisha, tazama machipukizi yake: majani yamekaa mawili mawili bila kikonyo, na kijiti chenyewe kina pembe nne. Hiyo ya njiani sahau habari ya mbao. Ikikauka inajikunja na kubonyea vibaya. Ni kuni nzuri sana, basi.

Sasa hilo la fundi wako, kwamba mlingoti si mbao. Ana haki ya kusema hivyo, maana alizoziona ni zile zilizopasuliwa asubuhi na kuuzwa jioni. Lakini Afrika Kusini wanatengeneza samani za grandis na ndugu yake saligna kila siku, na zamani mitaa ya London ilisakafiwa vipande vya jarrah, ambayo ni jamii hii hii kutoka Australia. Ile ilikuwa miti mizee ya msitu wa asili, si ya kupandwa kama yetu. Ndiyo maana nasema umri na upasuaji ndivyo vinavyoamua.

Nikueleze kinachotokea. Kila tabaka jipya la mbao linaloota nje ya shina hujivuta lijifupishe, lakini la ndani linalizuia. Miaka inavyokwenda, nje inabaki imevutika na katikati imebanwa, kwa hiyo mti umesimama pale kama upinde uliokazwa. Ukiuangusha, unaukata kamba. Gogo halijatulia chini utalisikia linalia, tk, tk, na kabla jua halijazama ncha zimeshapasuka kutoka kiini kwenda nje, nyufa tatu nne zinazokutana katikati. Kwenye kiini penyewe mbao imebanwa mpaka imekuwa dhaifu. Ukiipiga inakatika mkato mfupi, haitoi nyuzi ndefu. Sehemu hiyo haipaswi kuingia kwenye kitanda cha mtu.

Vijana wa ding-dong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, wengi wanapasua gogo la mlingoti kama wanavyopasua msindano (paina): wanaanza upande mmoja, wanashuka mpaka wamalize. Msindano unavumilia. Mlingoti, ukitoa ubao mmoja tu upande ule, gogo lililobaki linajikunja kuelekea upande wa pili, na ubao unaofuata unatoka mnene katikati na mwembamba kwenye ncha, au kinyume chake. Dawa yake ni kugeuza. Unatoa ubavu huku, unalizungusha gogo, unatoa ubavu kule, unarudi tena, ili mkazo uondoke sawasawa pande zote, na kiini unakitupa kwenye kuni. Inachelewesha kazi, na kwa kuwa wanalipwa kwa idadi ya mbao, hawapendi. Nitasimama pale mwenyewe, na tutawalipa kwa siku.

Jambo jingine ni kutokata magogo mafupi mapema. Gogo likibaki refu, nyufa zinakula ncha mbili tu. Ukilikata vipande vinne siku ile ile, umejitengenezea ncha nane za kupasuka. Tulaze marefu, tupake ncha rangi yoyote ya mafuta iliyobaki dukani, tukate kipimo siku ya kupasua.

Halafu kukausha, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mbao za misindano utaziona zimeegemezwa barabarani juani, zinakauka. Mlingoti ukifanya hivyo unapasuka uso mzima. Unataka kivuli na subira: panga juu ya matofali, weka vijiti vya unene mmoja kila nusu mita, kijiti cha juu kikae sawa kabisa na cha chini yake, kisha uweke mawe au mbao mbovu nzito juu ya rundo lote. Baridi hii ya Juni na Julai ndiyo rafiki yetu. Upepo wa Septemba usikute mbao ikiwa bado na maji mengi. Ubao wa inchi moja una miezi kadhaa hapo, wa inchi mbili usiulize. Na upasue kwa ziada, maana ubao wa inchi nane ukikauka unaweza kupungua karibu nusu inchi kwa upana.

Ikishakauka ndipo utaipenda. Ina rangi ya waridi iliyofifia, nyuzi ndefu, ngumu. Msindano mkavu wa huku ni kama kilo 450 kwa mita moja ya ujazo. Grandis ya umri wa shamba lenu kwa kawaida inapita 550. Msumari haukubali mpaka utoboe kwanza. Meza, vitanda, ngazi, sakafu, vyote fanya. Kenchi na papi za paa la hiyo nyumba unayojenga Dar nunua misindano yenye dawa, fundi wako aendelee na anachokijua.

Nguzo nimehesabu kwa macho tu, lakini zipo, nyingi za kutosha kumwita mnunuzi wa kiwandani aje apime mwenyewe. Tanesco sasa wanaweka na nguzo za zege, ila za mti bado zinatakiwa. Za mti zinamenywa magome mara moja, zinapangwa juu ya vigingi zikauke, ndipo zinaingia kwenye mtungi wa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inayosukumwa kwa mgandamizo. Dawa inaingia ile sehemu nyeupe ya nje peke yake, kiini kinaikataa. Kwa hiyo ukinunua nguzo yenye dawa kwa ajili ya uzio, upande uliokatwa kwa msumeno usiuzike ardhini, mchwa wataingilia pale pale. Na vipande vyake visiingie jikoni hata siku moja, moshi wake ni sumu. Mwambie na shangazi, maana nimeona anaviokota.

Visiki vikatwe chini, kama kiganja kutoka ardhini, mkato wa mshazari, gome lisichanike. Vitachipua vyenyewe. Baadaye tutaacha chipukizi moja au mawili kila kisiki, na shamba litarudi bila kununua mche.

Isipokuwa kule bondeni. Mzee, Mungu amrehemu, alipanda mpaka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni penye unyevu, na majirani wanalalamika kuwa kijito kinakauka mapema. Nimekwenda kuangalia, nami naona wana haki. Sheria ya Mazingira ya 2004 yenyewe inataka mita 60 kutoka kwenye maji. Ile mistari ya chini tuikate yote, visiki tuvimenye gome mpaka kwenye mizizi, na kila kinachochipua kivunjwe. Kuni zake wagawieni hao majirani, wamesubiri muda mrefu.

Nitumie jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na lile daftari la mipaka kama unalo. Mashine ya kukodi nimeshaiulizia, ipo huru wiki ya pili ya Julai. Njoo na koti.

Wako,
Baba Tumaini