Mifupa, mafuta na nyavu za omena

Kisumu

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako tumeipata, na wenzangu wa karakana wanakupongeza kwa kupewa hilo ghala la pwani la kuwekea makumbusho ya mifupa ya nyangumi. Usione aibu kwamba ni kuukuu. Makumbusho ya nyangumi ya Húsavík, Iceland, yamo ndani ya kilichokuwa kichinjio, na watu huvuka bahari kwenda kuyaona.

Umeuliza kuhusu rangi ya ukuta, taa na tiketi. Hayo yaache kwanza. Kitakachokusumbua ni mafuta. Mfupa wa nyangumi umejaa mafuta hadi kiini, na usipoyatoa, chumba kitanuka, mfupa utageuka manjano, vumbi litaganda juu yake na sakafu itateleza. Kule New Bedford, Marekani, wana kiunzi cha nyangumi wa buluu aliyegongwa na meli mwaka 1998. Miaka mingi baada ya kutundikwa bado kilikuwa kinadondosha mafuta, ikabidi kiwekewe chombo cha kuyakinga. Wao wana bajeti ya kuishi na shida hiyo.

Mzoga ukitupwa ufukweni, simu ya kwanza ni kwa Huduma ya Wanyamapori, KWS. Hata jino moja bila kibali ni kesi chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Wahusishe pia Makumbusho ya Kitaifa mapema, maana kibali cha kuhifadhi mifupa hakiombwi siku ya kuifukua.

Mkishapewa ruhusa, pimeni urefu kwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya mdomo hadi pengo la katikati ya mkia, bila kufuata mviringo wa tumbo. Pigeni picha za kila kovu: alama za kamba, mikato ya rafadha ya meli. Hizo picha ndizo zitakazowaeleza wageni jinsi alivyokufa, na hazipatikani tena ngozi ikioza. Vaeni glavu, kwa sababu wanyama hawa huweza kubeba bakteria wa brusela. Asisimame mtu yeyote karibu na tumbo lililovimba: Januari 2004, mzoga uliokuwa ukisafirishwa kwa lori ulipasuka katikati ya mji wa Tainan, Taiwan, ukamwaga matumbo juu ya magari na maduka.

Nyama ikishapunguzwa kwa visu, zikeni mifupa kwenye mchanga, juu kabisa ya mstari wa maji kujaa, mbali na mizizi ya minazi. Hapa ndipo wengi hupoteza nusu ya mnyama. Vifupa vya vidole ndani ya pezi hutawanyika, na mifupa miwili midogo ya nyonga, ambayo haishikani na uti wa mgongo, hutupwa pamoja na nyama. Mifupa ya masikio nayo hulegea na kudondoka kutoka kwenye fuvu. Kwa hiyo fungeni kila pezi peke yake ndani ya wavu wa matundu madogo kabla ya kufukia. Tutakutumia nyavu kuukuu za omena, dagaa wa huku ziwani, kutoka ufuo wa Dunga; hakuna kitu bora zaidi kwa kazi hii. Kila fungu lipate kibati cha alumini kilichogongwa namba, kifungwe kwa waya usioshika kutu. Wino na karatasi havitadumu humo. Chora pia ramani ya shimo.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, kulingana na joto na unyevu, fukueni kwa mikono na koleo za mbao. Mnyama akiwa bado mdogo kiumri, visahani vya mwisho wa kila pingili ya uti wa mgongo vitakuwa vimebanduka, kwa hiyo msivichanganye.

Sasa mafuta. Chukua tangi jeusi la plastiki, likatwe juu, likae juani. Jaza maji yenye sabuni ya vyombo, yawe ya joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida. Badilisha kila mafuta yanapotanda juu, na uendelee kwa miezi, hata kama wafadhili wana haraka. Pingili kubwa zitobolewe matundu machache sehemu isiyoonekana, hasa ndani ya mfereji wa uti, ili mafuta yapate njia. Usichemshe, maana mchemko hudhoofisha mfupa wenyewe na kuyasukuma mafuta ndani zaidi. Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, usiiguse kabisa: inakula mfupa, na huendelea kuula hata ukiwa umeshaanikwa. Tena ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu. Ukitaka weupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa muda mfupi, mwishoni.

Kipimo chetu ni rahisi. Funga mfupa mkavu kwa karatasi ya kaki, uanike juani siku tatu. Karatasi ikipata doa linalong'aa, rudisha tangini. Na usipake vanishi, maana itafungia mafuta yaliyobaki na uso utanata.

Balini, yale mabamba ya kuchujia kinywani, hayaingii tangini. Ni kitu kilekile cha kucha, na wadudu huyala. Yafunge ndani ya mfuko, yakae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili kabla ya kuyaonyesha.

Kuhusu kutundika, maoni yangu utayaona ya woga: usitundike. Anza na pezi moja lililopangwa vizuri mezani. Pezi la nyangumi wa nundu hufikia karibu theluthi ya mwili wake, na mtoto akiona mifupa ya vidole ndani yake hutahitaji kumwambia kwamba huyu si samaki. Wanafunzi wa huku ziwani wakija kukutembelea watauliza kuhusu mkia. Mbuta, samaki wetu wa ziwani, hupiga mkia kushoto na kulia. Nyangumi hupiga juu na chini. Waonyeshe pingili, waone wenyewe.

Ukutani weka bango moja la uhifadhi, lisizidi hapo. Karne ya 20 iliua karibu nyangumi milioni 2.9. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kimbilio lao, na usitishaji wa uwindaji wa kibiashara uliopitishwa 1982 ukaanza kutekelezwa 1986. Nyangumi wa nundu wanaopita kwenu kuanzia Julai wakitoka Antaktika ni sehemu ya waliorudi. Nafasi iliyobaki wape wavuvi: nani wa kupigiwa simu nyangumi akinasa wavuni, na kwa nini mtu asiruke majini kumkata kamba mwenyewe.

Vishikizo vya taya tutavitengeneza huku kwa mafundi wa jua kali. Viwe vya stenlesi, kwani chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi kitatia mifupa madoa ya kutu. Lakini kabla hatujakata chochote, tupimie upana wa mlango wa ghala. Fuvu la mnyama wa mita 12 linaweza kupita mita 3, na mlango wa duka la kawaida hautalipokea.

Nyavu zitakuja na basi la usiku.

Wako,
rafiki yako wa karakana