Baba Mdogo, sahihi yangu bado

Albuquerque, New Mexico

Baba Mdogo, shikamoo.

Hela ya mbolea nimetuma Ijumaa, Mama Rehema ana namba ya muamala. Mchango wa lambo sijatuma, na ule muhtasari wa kikao kilichoamua lambo lijengwe juu ya shamba la Babu sisaini. Najua mtasema Marekani imenipanda kichwani. Semeni. Ila mngeniuliza kabla ya kikao, siyo baada ya Shabani kuja na katapila.

Karibu kilomita 80 kaskazini mwa huku, kwenye ardhi ya Wapueblo wa Cochiti, wenyeji wa asili wa huku, mto Rio Grande umezibwa kwa tuta la udongo na mawe. Linaenda zaidi ya kilomita 8, na kimo chake ni mita 76. Wahandisi wa jeshi walianza kulijenga 1965, na 1973 maji yakaanza kukusanywa. Kazi yake kubwa ni kuzuia mafuriko na mchanga visitufikie sisi wa mjini. Tunalala pakavu.

Wapueblo wenyewe wako bondeni, chini ya tuta. Mababu zao waliishi korongo la Frijoles, wakateremka mtoni kulima mahindi, maharage na maboga. Mwaka 1680 walikuwemo kwenye uasi uliowatimua Wahispania. 1694 Vargas, mkuu wa Wahispania waliorudi, akawapandia hadi juu ya mlima walikojificha. Hata hivyo shamba la bondeni waliendelea kulilima. Lililowashinda ni lile tuta.

Na halikupasuka, Baba Mdogo, ndiyo ninachotaka mkielewe. Chini ya bonde lile kuna mchanga na kokoto. Maji yakilundikana upande wa juu yanasukuma, yanapita chini ya msingi, yanaibukia mashambani. Mashamba yakatota. Mzizi wa mahindi hauna hewa, unaoza, jani linakuwa njano mkadhani mbolea haitoshi. Jua likipiga, chumvi inabaki juu kama unga mweupe. Wakaishtaki serikali, mifereji ya kutoa maji ikaja kuchimbwa kwenye miaka ya 1990, na wahandisi wale wakaomba radhi hadharani. Kwa wazee waliokuwa wameacha jembe, radhi ile ilichelewa.

Sasa la kwetu. Shabani achimbe shimo la mita moja na nusu chini ya pale mnapotaka tuta, aliache usiku kucha. Asubuhi likiwa na maji, au udongo wake una rangi ya majivu yenye madoa ya kutu, basi shamba la Babu tayari liko karibu na maji na lambo litalimaliza. Tuta lenyewe lianze na handaki la msingi, lishuke mpaka mfinyanzi mgumu, si mpaka katapila inapochoka. Handaki lijazwe mfinyanzi mbichi kidogo, tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe kabla ya inayofuata. Mguuni mwa tuta, upande wa shamba, uwekwe mfereji wa mchanga na kokoto wa kupokea maji yanayopenya na kuyapeleka korongoni. Fundi akisema mfereji huo ni gharama ya bure, mlipeni nauli aende.

Halafu huyo mwekezaji anayetaka kukodi ardhi yetu kwa miaka 99. Cochiti nao mwaka 1969 walikodisha ardhi kando ya ziwa lililokuwa linakuja nyuma ya tuta lile, kwa miaka 99, wakaonyeshwa ramani ya mji wa watu kama 40,000. Kampuni iliyokodi ikafilisika, na wakazi leo ni mia chache. Miaka 99, Baba Mdogo! Kitukuu chako ndiye atakayeidai ardhi.

Huku mambo mazuri. Gari nimebadilisha, na dafrau ile iliyosemwa hapo nyumbani ilikuwa mkwaruzo tu. Baridi ni kali kidogo. Juzi nilikuta mihogo kwenye duka la Wavietnam, migumu kama kuni, nikainunua hivyo hivyo.

Mwambieni Asha picha za Cochiti alizoomba hazipo, kijijini hawaruhusu kupiga picha wala kuchora. Mimi ndiye nasubiri picha: ya shimo, asubuhi, kabla jua halijakolea, na fimbo yenye alama za sentimita ndani yake. Nikishaiona tutaongea mambo ya sahihi.

Nisalimie Bibi. Msimfiche kwamba sijasaini.