Risala ya Wanagenzi wa Utunzaji wa Ardhi na Njia za Vijijini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, wanagenzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kazi tunayojifunza haionekani sana inapokuwa nzima. Watu huiona siku uzio umelala, njia imegeuka korongo, au mti uliokatwa vibaya umeanza kuoza. Tunaomba utuvumilie tukueleze kwa kinaganaga yanayofanyika huko nje, kwa kuwa maombi yetu yanatokana na kazi yenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na uzio. Asiye fundi hutazama waya; fundi hutazama nguzo ya kona. Mvuto wote wa waya uliokazwa unaishia hapo, ndiyo maana nguzo ya kona yenye urefu wa meta 2.3 hivi hufukiwa karibu meta 1, ilhali kwa nguzo za kati sentimeta 60 zinatosha. Shimo liwe jembamba, libaki nafasi ya kupitisha mtaimbo tu. Udongo unarudishwa kwa tabaka la sentimeta 10 hadi 15, unashindiliwa mpaka mtaimbo udunde, ndipo tabaka jingine linaongezwa. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kujaza shimo lote kwa mkupuo kisha kukanyagakanyaga juu kwa buti. Juu panakuwa pagumu, chini udongo umelegea, na siku waya unapokazwa nguzo inainama.

Nguzo hiyo ya kona inahitaji pia mwega, yaani mti wa mshazari wa kuiegemeza. Mwega unakaa kwenye mstari wa uzio, upande ule ambao waya unavutia. Kichwa chake kinaingia kwenye pengo lililochongwa kwenye nguzo, kama theluthi mbili ya kimo kutoka ardhini, na mguu wake unakanyaga jiwe bapa lililozikwa katika udongo ambao haujachimbuliwa. Mwega mfupi uliosimama wima mno ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa sababu waya ukivuta, mwega unaing'oa nguzo kwenda juu. Kwenye nguzo za kati, misumari ya U haipigwi ikazama yote. Waya uachiwe nafasi ya kuteleza, la sivyo hautakazika tena ukilegea. Na miguu miwili ya msumari ikae mshazari na nyuzi za mti. Ikifuata uzi mmoja, nguzo inapasuka.

Kwenye njia za miguu, kinachoharibu zaidi ni maji. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokikatiza, kwani ukizidi hapo maji yanaifuata njia badala ya kuivuka. Uso wa njia nao uinamie upande wa bonde, kama sentimeta 5 kwa kila meta 1 ya upana. Njia iliyokwisha kuharibika tunaiwekea vikinga maji vya gogo au mawe, vilivyozikwa sehemu kubwa, vikiikata njia kwa nyuzi 45 hadi 60. Kikinga kilichonyooka moja kwa moja kukatiza njia kinasimamisha maji. Matope yanajaa, na mvua inayofuata inapita juu yake. Kilicholala mno kuelekea mteremko kinayapa maji kasi ya kuchimba. Lakini vikinga vingi vinakufa kwa sababu nyingine: mfereji wa kutolea maji umeishia ukingoni mwa njia. Uendelezwe mpaka pale ambapo maji hayawezi kurudi, na uwe na upana ambao beleshi linaweza kuuzoa.

Kupata mstari wa usawa wa kuchimba makinga maji, yaani mitaro inayokatiza mteremko wa shamba kwa usawa, tunatumia fremu yenye umbo la herufi A: miti miwili ya meta 2, mti wa kukatiza katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kileleni. Fremu inasimamishwa juu ya vigingi viwili, na pale uzi unapogusa mti wa kukatiza panatiwa alama. Kisha miguu inabadilishana vigingi na alama ya pili inatiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Baada ya hapo unatembea nayo, mguu mmoja ukizunguka mwingine, ukipiga kigingi kila uzi unapotulia kwenye alama ya katikati. Upepo ukiutikisa uzi, ongeza uzito wa jiwe. Fremu ikianguka au fundo la kona likilegea, alama zote hazifai tena na upimaji wa mwanzo unarudiwa. Ni kifaa cha gharama ndogo mno, nacho kinafundisha jicho kutoamini kile linachokiona kuwa sawa.

Katika kupogoa, tawi zito linakatwa mara tatu: kwanza kwa chini, sentimeta 30 kutoka shinani, mpaka kama theluthi moja ya unene; pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome la shina; tatu kisiki kinaondolewa nje tu ya uvimbe ulio shinani mwa tawi. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, kwa hiyo haukatwi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, msumeno wa mota hatujaruhusiwa kuushika bila msimamizi, nasi tunaunga mkono katazo hilo. Yapo mambo matatu tunayoyaomba.

La kwanza, kila mwanagenzi apate tupa na glavu zake. Panga au shoka butu huteleza badala ya kuingia, na kifaa kisichonolewa kinaweza kumuumiza anayekitumia. Tupa husukumwa upande mmoja na kuinuliwa wakati wa kurudi. Ikiburutwa huku na huku meno yake huisha upesi, na tupa inayopita mikono mingi haina wa kuichunga.

La pili, msimamizi asitie saini kwenye daftari la ujuzi mpaka ameiona kazi ikirudiwa mahali pengine, kwenye udongo wa aina nyingine. Kushindilia nguzo kwenye mfinyanzi hakumwandai mtu kwa mchanga.

La tatu ndilo kubwa kwetu. Ratiba yetu inatupeleka kwenye kazi mpya kila inayotangulia inapokamilika. Tunaomba siku za kurudi baada ya mvua kubwa ya kwanza, tukiwa na beleshi na daftari, tupime nguzo iliyoinama, tuzoe tope kwenye vikinga, tuandike kilichofeli na sababu yake, kisha tukirekebishe wenyewe kabla hatujakabidhiwa eneo jingine.

Tunaomba kuwasilisha.