Malalamiko: Karatasi Moja ya Maelekezo kwa Wino wa Aina Tatu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MAELEKEZO YA USAFISHAJI YANAYOHARIBU KALAMU ZA WINO

Tunalalamikia karatasi ya maelekezo mnayoiweka kwenye boksi la wino wenu wa chupa. Karatasi ni ileile kwa aina zote tatu: bluu ya kawaida, blubleki ya kudumu na nyeusi isiyofutika. Inasema kalamu ioshwe kwa maji kila baada ya miezi mitatu, na ikiziba itumike amonia. Kwa bluu hilo linavumilika, maana ni rangi iliyoyeyuka majini na hata ikikauka maji huilainisha tena. Kwa nyeusi halitoshi. Kwa blubleki ni kuharibu mali ya mteja.

Lebo yenu wenyewe inasema blubleki ina chuma na tanini (dutu itokayo kwenye mimea). Wino wa namna hiyo hutoka umefifia, kisha hewa huugeuza kuwa mweusi usioyeyuka majini. Ndiyo sababu unadumu kwenye karatasi. Lakini hewa hiyohiyo hupenya kwenye tundu la nibu, ile ncha ya kuandikia, na kwenye kifuniko kisichobana, na chembe nyeusi hujijenga ndani ya fidi, kile kipande chenye mifereji chini ya nibu. Wino hushuka tu pale hewa inapopata njia ya kupanda kuchukua nafasi yake. Njia hiyo ikiziba, kalamu hukauka hata kama tangi limejaa.

Hapo ndipo amonia yenu inapoleta balaa. Asidi iliyomo kwenye wino ndiyo inayokishikilia chuma kisigande. Amonia huivunja nguvu asidi hiyo, na chuma hujitenga kama tope mlemle kwenye mifereji. Ilipaswa iandikwe hivi: kalamu ipitishiwe maji baridi kwa konvata (kibomba cha ndani cha kuvutia wino) mpaka yatoke meupe, ikiwa bado nzito, gramu 5 za unga wa vitamini C katika mililita 100 za maji, nibu na fidi viloweke saa chache, kisha visuuzwe sana. Isipite wiki nne bila kuosha. Nibu ya chuma isiachwe na wino huo bila kutumika, kwa kuwa asidi huila.

Nyeusi yenu ni chembe za pigmenti, yaani rangi isiyoyeyuka, zinazoelea majini. Haina ukali huo, ila ikikaukia ndani hairudi kuwa wino. Ioshwe kila wiki mbili hadi tatu, si miezi mitatu.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hailigusi kabisa, nalo linawagharimu watu nibu. Blubleki hii hushuka kwa uchache kuliko bluu. Mteja akiona mstari mwembamba hudhani nibu ina kasoro, akayapanua meno ya nibu (zile ncha zake mbili) kwa wembe. Meno yakishapanuka kupita kiasi, kuyarudisha ni kazi ya fundi, na mara nyingi hayarudi sawasawa. Kipimo ni rahisi: osha kalamu, jaza bluu ya kawaida, andika ukurasa mmoja. Ikitiririka vizuri, nibu ni nzima. Wino ndio unaoshuka kwa uchache.

Wala hamjaonya popote kuhusu kuchanganya. Kubadilisha kutoka blubleki kwenda wino mwingine bila kuosha kunaweza kugandisha vyote viwili ndani ya fidi.

Tunaomba mambo matatu. Neno amonia liondolewe kwenye boksi la blubleki mara moja, si kusubiri toleo jipya. Kila aina iwe na maelekezo yake, yenye muda wa kuosha na onyo la kutochanganya. Na wateja walioharibikiwa kalamu kwa kufuata karatasi yenu wasafishiwe au wabadilishiwe fidi kwa gharama ya kampuni. Fidi nyingi huchomoka kwa mkono pamoja na nibu, hivyo si kazi kubwa.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mafundi na watumiaji wa kalamu za wino